Jina Ambalo Mwalimu Kerubo Hakuweza Kuliandika

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa swali moja: nikiandika mimi jina la mtu ndani ya makala ya mtu mwingine, ni nani atakuwa amelitaja, mimi au mwenye makala? Cheka tu, ukimaliza uendelee kusoma. Wewe unayeanza kazi ya kupanga marejeo unadhani shida zako zitakuwa koma na nukta. Hata mimi nilidhani hivyo.

Ninaandika kama mstaafu. Ndiyo, mstaafu, na bado sijafikisha miaka thelathini. Nimepata kazi ya kufundisha Kiswahili na Historia katika sekondari moja upande wa Nyamira, kazi niliyoisomea, na ninaacha kiti changu katika ofisi ya Madam Bosibori hapa mjini Kisii, orofani, juu ya duka la sare za shule. Nilikaa pale miaka yote niliyokuwa nikisubiri kuajiriwa. Niliowakuta wameondoka, waliokuja baada yangu wananiita mkongwe, na juzi mmoja wenu ameniuliza kama enzi zetu tulikuwa tukipanga marejeo kwa taipureta. Basi nimeikubali heshima ya uzee. Kaeni niwasimulie.

Watakaokuja kwenu ni walimu, wauguzi, wahadhiri na wanafunzi wa shahada za juu. Kila mmoja atakuwa ameandika makala, akaituma kwenye jarida, na jarida limemrudishia likisema marejeo hayakupangwa inavyotakiwa. Wengine watakuja na hasira kana kwamba ninyi ndio mliolianzisha hilo jarida. Jarida moja linataka mwaka uje mara baada ya jina la mwandishi, jingine linautaka mwishoni. Hili linataka jina la kitabu liandikwe kwa italiki, lile linataka italiki na nukta. Usiulize sababu. Ni kama sisi na makanisa yetu, wengine Jumamosi, wengine Jumapili, na kila mmoja ana hakika. Kazi yako ni kujua leo uko kanisa gani.

Madam Bosibori, kwa msiomjua vizuri bado, ndiye aliyenifundisha yote haya. Ni mwanamke mpole anayetisha. Siku yangu ya kwanza nilimwuliza marejeo ni ya nini hasa, maana chuoni nilikuwa nimeyafanya kwa kuogopa tu. Hakunipa maana ya kamusi. Aliniuliza kama nimewahi kusaidia jikoni kwenye mazishi. Nikasema mara nyingi. Akauliza, sufuria za majirani mlizijuaje baadaye? Nikamwambia kila mama hupaka rangi ya kucha chini ya sufuria yake, mmoja nyekundu, mwingine zambarau, mwingine huandika herufi za jina, na shughuli ikiisha watu wanazipindua na kila moja inarudi kwao.

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Mwandishi amepikia wageni kwa sufuria za watu. Sisi tunazipindua."

Tangu siku hiyo sijawahi kuhitaji maelezo mengine. Rejeo lisilo na mwandishi ni sufuria isiyo na alama. Huenda imeibwa, huenda imesahauliwa, lakini mahali fulani yuko mama anayeitafuta.

Mbinu zake nawaachia bure. Usisome orodha ya marejeo kuanzia juu, maana ukifika chini macho yamechoka na makosa yote yamehamia huko. Anza chini, upande juu. Usikague kila kitu kwa mkupuo: pita mara moja ukitazama majina tu, pita tena ukitazama miaka, kisha rudi kwa ajili ya nukta. Na kila jina lililotajwa ndani ya makala lazima liwe kwenye orodha, na kila lililo kwenye orodha liwe limetajwa ndani. Kwa makala za huku kwetu jiandae pia kwa jambo moja, kwamba majina yatajazana kwenye M, N na O kama waumini siku ya harusi, na herufi nyingine zitakaa kama viti vya nyuma.

Halafu ile programu ya kupanga marejeo. Itumieni, lakini msiifuate macho yakiwa yamefumbwa. Kuna bwana mmoja alituletea tasnifu ambayo programu ilikuwa imechukua neno "Dkt." ikalifanya jina la ukoo. Wasomi wake wote walikuwa wamejipanga chini ya D, ukoo mmoja mkubwa wa akina Dkt. Nilipomwonyesha akaniangalia kwa mshangao. "Kwani si kweli wote ni madaktari?" Mwingine alikuwa amemtaja mwandishi anayeitwa Intaneti. Madam akaniambia nimwandikie kwa adabu, tumwombe jina la pili la Bwana Intaneti.

Mimi kosa langu lilikuwa la upande wa pili. Niliogopa kupita kiasi. Niliwahi kumpigia mwandishi simu mara kadhaa kwa siku moja kuhakikisha kwamba makala aliyoitaja iliishia ukurasa aliosema. Alikuwa kwenye mkutano. Madam alinisikiliza nikijieleza, kisha akaniambia, "Moraa, ukurasa hauwezi kutoroka. Mwache mtu ale." Nawaambia haya ili mjue ni mtu wa aina gani aliyekabidhiwa makala ya Mwalimu Kerubo.

Mwalimu Kerubo anafundisha sekondari na alikuwa akimalizia shahada ya uzamivu. Chuo chake kilitaka awe na makala moja iliyokubaliwa na jarida kabla hajaruhusiwa kuhitimu, na hiyo ndiyo ilikuwa imebaki. Alikuwa amehangaika na masomo hayo tangu bintiye Sharon akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa Sharon alikuwa anamsahihisha Kiingereza. Makala ilihusu jinsi familia za upande wa Nyamira zilivyohifadhi mbegu za wimbi zamani, kabla watu hawajaanza kununua mbegu dukani. Nzuri sana. Niliisoma yote, jambo ambalo hatulipwi kulifanya.

Sehemu yake ya moyoni ilitegemea mhojiwa mmoja. Ndani ya makala alitajwa kama "mzee mmoja wa Nyamira." Programu, kwa busara zake, ilikuwa imemweka kwenye orodha kama Mzee, M.

Nikaandika pembeni: mwandishi hayupo, tafadhali jaza jina. Faili ikarudi ikiwa imerekebishwa kila kitu isipokuwa hapo. Nikaandika tena, safari hii na sababu, kwamba wapitiaji wa jarida wametaka jina la mhojiwa mkuu pamoja na uhakika kuwa ameridhia kutajwa, la sivyo sehemu hiyo yote iondolewe. Faili ikarudi. Jina hakuna. Alikuwa ameandika tu, "Tafadhali acha hivyo."

Kisha akaja mwenyewe, alasiri moja ya mvua yetu ile inayopiga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Akasubiri itulie. Akavuta kiti karibu.

"Moraa, umeolewa?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi ndiyo maana unaniuliza. Huyo mzee ni baba yake Baba Sharon."

Kwa ninyi mliolelewa mjini, nieleze. Baba Sharon ni mumewe, na mzee ni baba mkwe wake. Kwetu kuna adabu tunazoziita chinsoni, na kati ya mkaza mwana na baba mkwe adabu hizo ndizo nzito kuliko zote. Hamshikani mikono, hamketi karibu, na jina lake mkaza mwana halitamki. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza. Yake haikulegeza, na yeye mwenyewe hakutaka ilegezwe. Hata jina la ndoa hakulichukua, kwa kuwa jina la ndoa ndilo jina lenyewe. Alibaki na la babake mzazi na vyeti vyake vyote vinasema hivyo.

Nikamwuliza, sasa mahojiano aliyafanyaje? Akacheka kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa ameketi sebuleni. Yeye alikuwa jikoni, lile jiko la nje nyuma ya nyumba, na daftari lake magotini. Anauliza swali, mama mkwe analibeba kupita uwanjani mpaka sebuleni, kisha anarudi na jibu. Siku nzima. Mama wa watu alitembea kama mjumbe wa serikali.

"Ningeliandikaje jina hilo?" akasema. "Makala ina jina langu juu. Likisomwa kijijini, watasema Kerubo amemtaja mzee mbele ya watu."

Nikapendekeza mumewe alijaze. Baba Sharon yuko Mombasa kikazi na alikuwa amemwambia kwa simu aandike tu, hiyo ni karatasi. "Yeye ni mwanawe," Mwalimu akasema. "Atakayeitwa asiye na adabu ni mimi." Jarida lilikuwa limempa mwisho wa wiki. Kwake mwisho wa wiki ni Ijumaa kabla ya jua kutua, maana ni Msabato, na hataki kazi yenye jina lake iendelee ndani ya Sabato.

Hapo ndipo lile swali lilipoanza kunikalia kifuani. Jina lenyewe halikuwa siri. Mtu yeyote sokoni Keroka angenitajia. Lakini nikilichapa mimi, je, kidole ni changu na kinywa ni chake? Na nisipolichapa, si nitakuwa nimeacha maarifa ya mtu yaende bila mwenyewe? Nilimwuliza mama yangu, akasema niolewe kwanza. Nilimwuliza mzee wa kanisa, akaniuliza jarida ni la dhehebu gani. Nilifikiria kumwita "mkwe wa mwandishi," nikafuta. Nikafikiria herufi za kwanza tu, nikafuta, kwa sababu nusu ya jina ni nusu ya kosa. Madam aliniacha nizunguke mpaka Jumatano.

"Umeuliza wangapi?" akasema.

Nikamtajia.

"Umewauliza wote isipokuwa mwenye jina."

Alhamisi nikaenda. Kutoka Keroka nilichukua boda boda kupanda kilima katikati ya majani chai, na njia nzima nilikuwa nikijifunza namna ya kuanza. Mazungumzo yalikuwa kwa Ekegusii, nayageuza tu hapa. Mzee nilimkuta sebuleni na redio yake, amevaa koti ingawa hakukuwa na baridi. Aliniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia, akasema alimjua babu yangu na kwamba babu alikuwa mwoga wa ng'ombe. Sikubisha.

Nilipoeleza shida alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Kwa hiyo hao watu hawawezi kuliamini wimbi mpaka wajue naitwa nani?" Akazima redio. "Na mke wa mwanangu amekutuma uje kulichukua jina, maana yeye halishiki."

"Hajanituma, Omogaka," nikasema, nikimwita kama tunavyomwita mzee wa heshima. "Nimekuja mwenyewe nikuombe."

"Umefanya vizuri. Angekutuma ningemkatalia." Akanyoosha koti, akanitajia taratibu, kama mtu anayepigwa picha: Yusufu Ondieki. Akaniambia liandikwe, ameridhia. Akaongeza kwamba niweke na kuwa alikuwa mweka hazina wa kanisa, nikamwambia jarida halina nafasi ya hilo. Akasema jarida hilo ni maskini.

Ningeondoka hapo mambo yangekuwa rahisi. Lakini mnanijua. Nikasema, kwa kuwa nimefika, acha nimsomee maneno yaliyonukuliwa ahakikishe ni yake. Nikasoma kuhusu kuwafukuza ndege shambani. Akaitikia kwa kichwa. Nikasoma kuhusu jinsi masuke ya mbegu yanavyofungwa na kutundikwa juu ya moto mpaka yashike rangi ya moshi, na jivu la maharagwe linalochanganywa baadaye ili wadudu wasiingie.

Mzee akakunja uso. "Hayo nilisema mimi?"

Nikatazama ile sebule. Viti, kalenda, redio. Moto uko jikoni, na mzee wa Kisii wa rika lake hakai jikoni. Angejuaje rangi ya moshi?

Akamwita mkewe. Bibi akaja akifuta mikono kwenye leso, nikasoma tena. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, ni hivyo. Ila si jivu la maharagwe yoyote, ni la maganda yake."

"Magokoro," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita nyanya, "haya alisema nani?"

"Nilikuwa nikifika mlangoni namkuta amelala na hiyo redio. Nimwamshe aniambie nini? Majivu anayajua huyu?"

"La ndege nilijibu mimi," mzee akasema.

"La ndege, ndiyo."

Nikamwuliza mbona hakumwambia Mwalimu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto namna ya kumenya ndizi. "Hakuniuliza nani amesema. Aliuliza mzee anasemaje. Nikampa yale ambayo mzee angesema kama angejua."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Bibi hakucheka sana. Alinisindikiza mpaka kwenye geti, akanipa ndizi mbivu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama jambo dogo tu, "Sasa hapo kwenye karatasi linaandikwa jina la nani?"

Nilimwuliza anaitwaje na kama angeridhia kutajwa. Akasema anaitwa Rebeka Nyanchama, na aliposema liandikwe alikuwa tayari ameniachia mkono anarudi jikoni.

Sasa sikieni, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Ijumaa asubuhi nilikuwa na kila kitu nilichokwenda kutafuta: jina la mzee na ridhaa yake. Ningelijaza, faili ingekuwa safi, jarida lingefurahi. Kumtaja Rebeka Nyanchama kungevuruga makala. Kila mahali panaposema "mzee alieleza" pangebidi pabadilike, na wapitiaji wangejua kwamba maswali yalibebwa uwanjani na mtu aliyekuwa akiyajibu njiani. Wangeweza kusema mahojiano gani hayo. Wangeweza kuikataa kabisa, na Mwalimu angerudi mwanzo, na Sharon angemaliza shule kabla ya mamake. Mimi mwajiriwa wa koma nilikuwa nani wa kumletea hayo?

Nilimweleza Madam. Alinitazama, akarudi kwenye kompyuta yake. Mnaomjua mnajua hilo lilikuwa jibu. Juu ya meza yangu zilikuwepo zile ndizi, na sikuweza kuzila. Nilikuwa nimeishika sufuria ya Nyanchama mkononi, alama yake ninaiona, na jarida linataka niirudishe kwa jirani.

Nikampigia Mwalimu. Nilimsimulia yote bila kuremba, hata lile la redio.

"Ndiyo maana majibu yalikuwa yakirudi upesi," akasema. Kisha, "Wataikataa?"

"Huenda, Mwalimu. Sijui."

"Na mama mwenyewe alisemaje?"

"Aliuliza linaandikwa jina la nani."

Nikasikia akivuta pumzi. Kengele ya shule ikalia nyuma yake. "Miaka yote hiyo ananipa chai jikoni mwake," akasema, "na mimi nikaandika mzee." Akaniambia nimpe mpaka saa tisa. Angeandika upya sehemu ya namna mahojiano yalivyofanyika, aeleze jiko, uwanja, sebule na aliyetembea katikati, bila kuficha. "Majina weka wewe. Ukurasa huo sitaufungua. Na usinisomee, hata la Mama silitaji."

Nikamwambia sitamsomea. Nilikuwa tayari nina jibu la swali langu la wiki nzima. Jina lilikuwa limetajwa na wenyewe, mbele yangu, mmoja akinyoosha koti na mwingine akirudi jikoni. Mimi nilikuwa nalibeba tu kupita uwanjani, na safari hii lingefika kama lilivyotoka.

Kurasa zake zilikuja saa tisa na nusu, mvua ikianza. Nilirekebisha kila "mzee alieleza" lililostahili kurekebishwa na nikaacha lile la ndege. Kisha nikaenda kwenye orodha ya wahojiwa, nikamfuta Mzee, M., nikaandika Nyanchama, Rebeka, na chini yake Ondieki, Yusufu. N hutangulia O, kwa hiyo hata wapitiaji wasingeweza kunilaumu kwa mpangilio. Nikasoma orodha yote kuanzia chini, majina, kisha miaka, kisha nukta. Nikamwonyesha Madam. Akapitisha kidole kwenye kioo mpaka kwa Nyanchama, akakiacha hapo kidogo, akachukua ndizi moja mezani kwangu bila kuomba.

Mvua ilikuwa imekatika na jua lilikuwa bado juu ya Suneka, upande linakotua, na Sabato haijaingia. Nikabonyeza kutuma.